Alama za Kumwongoza Mgeni

Kwenye mlango wa kituo cha anga, pale ambapo chombo kinachokuja kitatia nanga, huwa kuna kibao kilichochorwa mistari, na mbele yake, juu ya kijiti, msalaba mdogo. Ukiuona kwenye picha utadhani umechorwa juu ya kibao kilekile. Haukuchorwa. Umesimama mbele yake, umeshikwa na kijiti, na kazi yote ya kibao hicho imo ndani ya pengo lililopo kati ya msalaba na mistari ya nyuma.

Tuseme kijiti kina urefu wa sentimita 30, na chombo kinachokuja kimepinda kwa digrii moja tu. Kama kibao kingekuwa bapa, cha upana huohuo wa sentimita 30, kupinda huko kungekifanya kionekane kimepungua kwa chini ya sehemu moja ya ishirini ya milimita. Hakuna rubani atakayeliona hilo kwenye skrini. Lakini msalaba uliosimama utaonekana umehama kutoka katikati ya mistari kwa zaidi ya milimita 5. Kosa ni lilelile, ila limekuzwa zaidi ya mara mia, tena bila betri, bila waya, bila kompyuta.

Kuna jambo la pili, na mimi ndilo linalonifurahisha zaidi. Kibao bapa kikipinda kushoto au kulia hupungua upana kwa kiasi kilekile. Kinakuarifu kwamba umekosea, lakini upande gani, hakisemi. Msalaba husema yote mawili kwa pamoja: umehamia wapi na kwa kiasi gani. Kazi ya rubani inabaki kuurudisha katikati na kuuweka hapohapo mpaka vyombo vigusane.

Ufundi huu ulianza na macho ya watu. Tarehe 16 Machi 1966, Neil Armstrong na David Scott, wakiwa ndani ya Gemini 8, walikuwa wa kwanza kuunganisha chombo chao na kingine angani: roketi ya Agena iliyorushwa siku hiyohiyo. Mita za mwisho walizimaliza kwa kutazama dirishani. Kwenye safari za Apollo ikaja shabaha yenye msalaba uliosimama, imefungwa kwenye chombo cha kutua mwezini, na rubani akailenga kwa kifaa kilichowekwa kwenye dirisha lake. Tarehe 29 Juni 1995, mwanaanga Robert Gibson alipoipeleka Atlantis, chombo cha Marekani, kwenye kituo cha Kirusi cha Mir, alikuwa akitazama picha ya kamera iliyokaa katikati ya mlango wa chombo chake, ikiangalia shabaha ya upande wa pili. Vitu viwili vya tani mia hivi kila kimoja vilikaribiana kwa kasi ya sentimita 3 hivi kwa sekunde, na mwongozo wa macho ulikuwa ni mistari na msalaba.

Mtu asiye wa kazi hii akisikia "alama" hufikiria kitu cha kusema "niko hapa". Hilo ni rahisi, taa moja yatosha. Alama ya kutia nanga inatakiwa imwambie mgeni amekosea kiasi gani, na upande gani, mapema kabla kosa halijawa ajali. Kwa hiyo fundi anayeibuni haridhiki na alama inayoonekana vizuri. Anatafuta alama inayobadilika sana kwa kosa dogo. Karibu kila uamuzi utakaouona hapa chini, kuanzia umbo hadi gundi, unatokana na hamu hiyo.

Macho ya binadamu nayo wakati mwingine hayana hata pa kutazamia. Desemba 1998, ndani ya Endeavour, chombo cha Marekani, mwanaanga Nancy Currie alikuwa akiendesha mkono wa roboti ulioishika Zarya, iliyojengwa Urusi, ili aiweke juu ya Unity ya Marekani. Ndivyo vilivyokuwa vipande viwili vya kwanza vya Kituo cha Kimataifa cha Anga. Taabu ni kwamba Unity ilikuwa imesimama mbele yake, ikimziba asione mahali vipande hivyo vingekutana. Kilichomsaidia ni madoa. Juu ya maganda ya nje kulikuwa kumewekwa madoa meusi ya mviringo kwenye duara jeupe, na mfumo uliobuniwa Canada uliyasoma kupitia kamera. Kompyuta ilijua kila doa liko wapi kwenye ganda. Ikiyaona kwenye picha, inakokotoa ganda zima limekaaje. Mwanaanga wa Canada, Steve MacLean, alikuwa ameujaribu mfumo huo angani mwaka 1992, kwa kibao chenye madoa kilichoshikwa na mkono wa roboti. Ukitazama picha za zamani za Unity utayaona madoa hayo yametapakaa, na pengine ulidhani ni mapambo.

Kwa nini doa? Kwa sababu ukingo wake una pikseli nyingi, na kila moja huchangia ushahidi kuhusu kitovu kiko wapi. Ukizijumlisha unapata kitovu kwa kosa lililo dogo kuliko pikseli moja. Kamera hafifu, jibu makini. Lakini doa nalo lina hila yake. Duara likitazamwa kwa mshazari huonekana kama yai, na kitovu cha hilo yai hakilingani sawasawa na kitovu cha duara halisi. Tofauti yenyewe ni ndogo mno, na wanaoijua kazi huisahihisha hata hivyo.

Adui mkubwa wa alama ni mwanga. Hapa duniani hewa hutawanya mwanga, ndiyo maana hata kivulini mchana unaweza kusoma gazeti. Angani hakuna hewa. Upande unaopigwa na jua huwaka hadi kuipofusha kamera, na hatua moja pembeni kuna kivuli cheusi kabisa, alama imemezwa. Chombo kilicho karibu na dunia huizunguka kwa takribani dakika 90, kwa hiyo jua huchomoza na kutua tena na tena huku mgeni akiwa bado yuko njiani. Isitoshe, satelaiti nyingi huvikwa karatasi laini za rangi ya dhahabu au fedha za kuzuia joto, na karatasi hizo zina mikunjo. Kila mkunjo unaweza kurusha jua moja kwa moja kwenye lenzi. Kompyuta inayotafuta nukta tano zinazong'aa inaona nukta mia tatu. Na nyuma ya yote hayo dunia inapita na mawingu yake.

Tarehe 25 Juni 1997, Vasily Tsibliyev, akiwa ndani ya Mir, alikuwa akikiongoza kwa mkono chombo cha mizigo, Progress M-34, kwa kutazama picha ya televisheni iliyotoka kwenye kamera ya chombo hicho. Kwenye skrini, Mir ilikuwa umbo dogo lililochanganyika na mawingu ya dunia. Umbali na kasi vilikuwa vigumu kukadiria. Chombo cha tani 7 hivi kikaligonga ganda la Spektr, mojawapo ya sehemu za Mir, na kulitoboa, na ikabidi walifunge ganda zima ili waokoe hewa. Sababu za ajali hiyo zilikuwa nyingi, na si haki kuzitupia zote kwenye picha mbaya. Ila sidhani kama yupo mbunifu wa alama asiyeijua habari hiyo.

Dawa ya mwanga iliyobuniwa kwenye kituo cha NASA cha Marshall, Alabama, inastahili kutazamwa taratibu. Kwanza, badala ya rangi, waliweka vioo vya pembe: vioo vitatu vidogo vilivyokutana kwa pembe mraba, kama vilivyomo ndani ya kile kiakisi chekundu cha nyuma ya baiskeli. Mwanga ukiingia humo hugonga vioo vyote vitatu na kurudi palepale ulikotoka, hata kama kioo kimeinama kidogo. Kwa hiyo chombo kinachokuja hubeba leza kando ya kamera yake, kinamulika, na vioo vinakirudishia chenyewe peke yake.

Hapo bado karatasi za dhahabu zingeweza kudanganya. Basi wakafunika kila kioo kwa kichujio kinachopitisha mwanga wa nanomita 850 na kumeza ule wa nanomita 800. Zote mbili ni infraredi, jicho halizioni, na kwa vitu vingine vyote vya satelaiti hakuna tofauti kubwa kati yake. Kamera inapiga picha mbili haraka haraka: moja ikimulika kwa 850, nyingine kwa 800. Kisha kompyuta inatoa picha ya pili kutoka kwenye ya kwanza. Jua limo katika zote mbili, linafutika. Mikunjo ya dhahabu imo katika zote mbili, inafutika. Mawingu, yanafutika. Kinachobaki juu ya weusi ni nukta chache tu, zile ambazo zipo kwenye picha ya kwanza na hazipo kwenye ya pili. Hesabu ya kutoa, ya darasa la pili, inafagia anga zima. Wangeweza kuandika programu ndefu ya kubahatisha nukta ipi ya kweli na ipi ya uongo. Wakaamua kuliweka jibu kwenye alama yenyewe. Nadhani huo ndio uamuzi mzuri kuliko yote niliyoyaona katika uwanja huu.

Mfumo huo ulijaribiwa kwenye safari za vyombo vya Marekani mwaka 1997 na 1998, kisha ukapata msiba usio wake. Aprili 2005 chombo kiitwacho DART kilirushwa kikaitafute satelaiti ndogo, MUBLCOM, iliyokuwa angani tangu 1999 na vioo vyake tayari. Hesabu za DART za mahali kilipo na kasi yake zilikosewa, kikateketeza mafuta kwa kujisahihisha ovyo, kikapitiliza mahali ambapo kamera ilitakiwa ishike usukani, na mwisho kikaigonga MUBLCOM. Kamera haikupata nafasi ya kufanya kazi yake kikamilifu. Miaka miwili baadaye, kwenye jaribio la Orbital Express lililorushwa Machi 2007, kamera ya ukoo huohuo iliisaidia satelaiti moja kuikaribia nyingine na kushikana nayo, ikahamisha mafuta na hata betri, bila mtu kushika usukani.

Japani walikuwa wameshatangulia kuunganisha satelaiti mbili zisizo na watu kwa kujiendesha zenyewe. Waliziita Orihime na Hikoboshi, majina ya wapenzi wa hadithi ya kale wanaoruhusiwa kukutana mara moja kwa mwaka, na wakaziunganisha tarehe 7 Julai 1998, siku ya sikukuu ya wapenzi hao. Mita za mwisho zilikuwa za kamera na alama.

Siku hizi ukiingia maabara yoyote ya roboti utakuta alama za aina nyingine, miraba myeusi na myeupe iliyopangwa ndani ya fremu nyeusi. Inayojulikana zaidi ni AprilTag, iliyotangazwa mwaka 2011 na Edwin Olson wa Chuo Kikuu cha Michigan. Inafanana na QR, lakini QR hubeba maneno na anwani, na hii hubeba namba tu. Imefanywa masikini wa habari kwa makusudi ili isomeke kutoka mbali. Katika familia moja inayotumika sana kuna miraba 36 ya ndani na alama 587 tofauti. Alama hizo zilichaguliwa ili mbili zozote zipishane kwa angalau miraba 11, hata ukizizungusha. Kivuli kikifunika miraba mitano, au jua likiiunguza kwenye picha, kompyuta bado inaweza kusema hii ni namba ngapi. Ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, roboti za Astrobee, zenye umbo la mchemraba, hupata kituo chao cha kuchajia kwa msaada wa alama za jamii hii.

Uzuri wa alama ya miraba ni kwamba moja tu hukupa mahali na mwelekeo. Ubaya wake huanza kwenye ukubwa. Chukua kamera ya pikseli 1,000 kwa upana, inayoona pembe ya digrii 40. Ikiwa mita 10 kutoka kwenye satelaiti, inaona eneo la upana wa mita 7 na kidogo, na pikseli moja hufunika milimita 7 hivi. Alama ya sentimita 10 inapata pikseli 14, yaani chini ya pikseli mbili kwa kila mraba. Haisomeki. Ukifika mita 2, alama hiyohiyo ina pikseli karibu 70, na mambo ni shwari. Ukifika sentimita 20, kamera inaona upana wa chini ya sentimita 15. Alama imejaa karibu picha nzima, na chombo kikitikisika kidogo kona moja inatoka nje, usomaji unakatika. Unakatika wapi? Hapohapo kabla ya kugusana, mahali ambapo hutaki kabisa upofu.

Ndipo hutengenezwa alama ndani ya alama. Kubwa kwa mbali, na katikati yake, au pembeni, ndogo ya karibu, na baina yao ya kati. Wakati wa safari lazima kuwe na kipande cha njia ambapo zote mbili zinasomeka kwa pamoja, ili kompyuta ilinganishe majibu kabla ya kuiacha moja na kuishika nyingine. Kipande hicho kikiwa kifupi mno, chombo kitaruka kutoka jibu moja hadi jingine, na kuruka huko hutafsiriwa na injini kuwa amri. Wabunifu hubishana sana juu ya kipande hicho, zaidi ya wanavyobishana juu ya alama zenyewe.

Halafu linarudi lile la kushoto na kulia. Alama bapa ikitazamwa kwa mbali, ina mikao miwili inayotoa picha karibu ileile: imeinama kidogo huku, au imeinama kidogo kule. Kukiwa na chembechembe za kelele kwenye picha, kompyuta hushika mkao wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa kwanza, na satelaiti inaonekana kama inatingisha kichwa wakati imetulia kabisa. Hata nukta tatu, ukizijua vipimo vyake barabara, zinaweza kukupa hadi majibu manne. Tiba ni ya zamani: iondoe alama kwenye ubapa. Inua nukta moja, izamishe nyingine, weka kijiti. Wahandisi wa kamera za leo wamerudi, kwa njia ya hesabu, kwenye ule msalaba wa marubani.

Na mpangilio usiwe na ulinganifu. Alama nne kwenye kona nne za mraba zinapendeza macho, ila satelaiti ikizungushwa robo mduara inaonekana haikuzunguka. Fundi mzuri huisogeza moja makusudi. Ukiona kwenye chombo cha anga alama moja imekaa pembeni kwa namna inayokera, usidhani ni uzembe.

Sasa tuingie karakanani, maana mpaka hapa ni michoro tu. Satelaiti haina nafasi ya bure. Mtu wa joto anataka uso fulani ubaki kama ulivyo, kwa sababu ndio unaotoa joto la betri. Mtu wa antena hataki chochote cha chuma mbele yake. Mtu wa paneli za jua hataki kivuli. Anayekuja na alama zake anakuja wa mwisho, anaonekana msumbufu, na kila gramu anayoomba inaandikwa. Mara nyingi hupewa mahali palipobaki, na ustadi wake unapimwa kwa anavyopafanya hapo patoshe.

Rangi ni somo zima. Nyeusi inayoonekana nyeusi kwa macho inaweza isiwe nyeusi kwa kamera: alumini iliyotiwa rangi nyeusi kwa njia ya kawaida ya kiwandani hung'aa vizuri tu kwenye infraredi. Fundi akibuni kwa macho na chombo kije na kamera ya infraredi, alama imetoweka. Nyeupe nayo ina visa vyake. Kati ya 1984 na 1990 NASA iliacha angani chombo kikubwa, LDEF, kilichojaa sampuli za vifaa, ili ione vinazeekaje. Kiliporudishwa, rangi moja nyeupe ilikuwa na sura mbili. Upande wa nyuma wa chombo ilikuwa imegeuka kahawia kwa miale ya jua. Upande wa mbele, uliokuwa ukigongwa na atomi za oksijeni kwa kasi ya karibu kilomita 8 kwa sekunde, ilibaki nyeupe, kwa sababu oksijeni ilikuwa ikiikwangua ile ngozi iliyoungua kila ilipojitokeza. Uso ule ulikuwa mweupe kwa sababu ulikuwa unaliwa. Kwa hiyo swali la fundi si rangi gani tu, bali ni ya upande upi wa satelaiti, na kwa miaka mingapi.

Gundi hupimwa kabla ya kuaminiwa. Kipimo kinachotumika sana ni kuiweka sampuli kwenye ombwe, kuipasha hadi nyuzi 125 za sentigredi kwa saa 24, kisha kuipima uzito. Isipoteze zaidi ya asilimia 1, na mvuke wake unaogandia mahali pa baridi usizidi asilimia 0.1. Sababu ni ya moja kwa moja: mvuke huo ukitoka angani utatafuta kitu cha baridi cha kukaa juu yake, na kitu hicho huenda kikawa lenzi.

Kisha kubandika. Uso unasafishwa kwa alkoholi na kitambaa kisichotoa nyuzi. Kibandiko kinawekwa kuanzia upande mmoja na kusukumwa kwa rola taratibu, maana hewa ikibaki chini yake imekuwa adui. Hapa duniani kiputo hicho kimetulia kwa sababu hewa ya nje inakikandamiza. Ukifika kwenye ombwe mkandamizo umeondoka, na kila sentimita ya mraba ya kiputo inakisukuma kibandiko kwa nguvu ya takribani kilo moja. Kitavimba, au kitabanduka ukingoni. Ndiyo maana vingine hutobolewa vitundu vidogo ili hewa ipate pa kutokea. Anayefanya kazi hii amevaa glavu na barakoa, mbele ya mashine ya mamilioni ya dola, na anachofanya kwa mikono ni kusukuma rola kwa utulivu wa mtu asiye na haraka.

Kazi haijaisha. Kibandiko kikishakaa, kinapimwa kilipo kwa vifaa vya leza au kwa picha nyingi za pembe tofauti. Mchoro ulitaka kiwe mahali fulani. Kimekaa karibu na hapo. Kinachoandikwa ni pale kilipokaa, kwa sehemu ya milimita. Hili wageni huliona ajabu, lakini ni jambo la msingi: alama iliyobandikwa kidogo upande na ikajulikana iko wapi ni njema kabisa, na ile iliyobandikwa vizuri bila kupimwa haifai kitu. Hata hivyo vipimo vya chumbani si vya angani. Alumini ya urefu wa mita 2 ikipata joto la nyuzi 100 zaidi hurefuka kwa zaidi ya milimita 4, na alama mbili zilizokuwa kwenye ncha zake zimeachana kwa kiasi hicho. Basi huwekwa karibu karibu, kwenye kipande kimoja kigumu, karibu na pale chombo kitakaposhikwa, ili kitu cha kupimwa na kitu cha kushikwa vihame pamoja.

Wengine wameacha rangi na vioo wakaweka taa. Proba-3 ya Ulaya, iliyorushwa kutoka Sriharikota, India, tarehe 5 Desemba 2024, ni satelaiti mbili zinazoruka zikiwa zimeachana kwa mita 150. Moja ina kisahani cha upana wa mita 1.4 cha kulikinga jua, na nyingine inakaa ndani ya kivuli chake na kupiga picha za utando mwembamba wa jua unaoonekana kwa kawaida wakati wa kupatwa tu. Kivuli lazima kiangukie tundu la sentimita 5. Kamera kwenye chombo cha kivuli hutafuta taa za LED zinazomweka kwenye mwenzake, kisha leza na kioo cha pembe hukamilisha hadi milimita. Picha za kwanza zilitangazwa Juni 2025. Taa zina faida ya kutotegemea jua, lakini zinahitaji umeme, na satelaiti iliyokufa haina umeme.

Hapo ndipo kazi hii inapoelekea sasa: kwa satelaiti zitakazokufa. Envisat ya Ulaya, ya tani 8, ilinyamaza ghafla Aprili 2012 na mpaka leo inazunguka juu yetu ikijipinduapindua. Haina alama hata moja ya kumsaidia anayetaka kwenda kuiondoa, kwa kuwa mwaka 2002 ilipokuwa ikirushwa hakuna aliyefikiria kwamba kuna siku mtu angetaka kuifuata. Inawezekana kukikaribia kitu cha namna hiyo. Mwaka 2024 chombo cha Kijapani, ADRAS-J, kilifika hadi mita 15 hivi kutoka kwenye kipande cha roketi kilichoachwa angani mwaka 2009, bila alama yoyote ya kukisaidia. Lakini kila mita iligharimu hesabu nzito na tahadhari kubwa.

Kwa hiyo Shirika la Anga la Ulaya limepanga satelaiti mpya za Copernicus, mpango wake wa kuichunguza dunia, zibebe alama tangu kiwandani: za bapa kwenye nyuso zake, ili anayekuja ajue ni upande upi unaomgeukia wakati kitu kinazunguka, na ya kuinuka karibu na mahali pa kushikwa, kwa ajili ya hatua za mwisho. Zote zisizotumia umeme. Uzito wake ni mdogo, na kwa miaka yote satelaiti inapofanya kazi hazitatumika hata mara moja. Anayezilipia hanufaiki nazo kwa lolote, wala mhandisi anayezibuni hajui kamera itakayozisoma itakuwa ya aina gani, kwa hiyo anachagua nyeusi na nyeupe zinazobaki nyeusi na nyeupe kwa macho ya kawaida na kwa infraredi, zenye ukubwa wa kutosha hata kwa kamera duni.

Na pamoja na alama hizo kuna faili. Ndani yake mmeandikwa kila alama iko wapi, kwa sehemu ya milimita, na ilipimwa ikiwa kwenye joto gani. Faili hilo halirushwi. Linabaki ofisini, kwenye kompyuta zitakazobadilishwa mara kadhaa, chini ya watu watakaostaafu. Rangi ikidumu miaka 20 na faili likapotea, mgeni atafika, ataziona alama vizuri kabisa, na hatakuwa na namba za kuzisomea.